Viza ya Kupitia Miami

Santa Fe, 11 Januari 2018

Mdogo wangu Plutarco,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo kiasi cha kuweza kukuandikia. Paa la jiko lilivuja wiki nzima ya Krismasi, mbwa amezaa sita, na yule ng'ombe wa jirani uliyemwogopa ulipokuwa mtoto amekufa kwa uzee, kwa hiyo yeye si kizuizi tena cha wewe kurudi nyumbani. Picha yako ukiwa na koti jekundu na beji ya jina tumeipata. Mama ameitundika karibu na ya Baba. Nilimwambia angesubiri kwanza ufe.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema "sikusikii, sikusikii" kila nikifika penye maana. Karatasi haina mtandao wa kukatika.

Mama anaumwa. Tangu Novemba mkono wake wa kushoto ni baridi, ukiushika utadhani umeshika samaki wa jana. Chakula hali. Nampondea ndizi, nampikia samaki kwa nazi kama anavyopenda, anaonja kijiko kimoja anasukuma sahani. Daktari wa Trujillo alimpima damu, akasikiliza moyo, akasema ni mzima, akamwandikia vitamini ili tusiondoke mikono mitupu.

Basi tukaenda kwa buyei, mganga wa ngoma. Baba alimpanda kichwani palepale, hata hakubembelezwa. Anasema tangu azikwe, miaka tisa sasa, hakuna aliyempikia wala kumpigia ngoma, amechoka, na aliko kuna baridi. Anataka ngoma ya marehemu, siku tatu, ndani ya nyumba ya ngoma, mkewe akiwepo na wanawe wote. Wote, alisema, si baadhi. Na wewe unajua tuko wawili tu, hesabu hii haihitaji mtu wa shule. Buyei amesema wazi: akikosekana mmoja, Mama hatapona sawasawa.

Tumepanga kuanzia tarehe 21 Julai. Kila mtoto anakuja na nguo iliyotiwa rangi nyekundu na jogoo wa kucheza naye. Jogoo wako nimeshamchagua. Ni mwekundu, anatembea kifua mbele, na hajui lolote. Nilipomwona tu nikakukumbuka.

Dada yako,
Sixta


Toronto, 16 Februari 2018

Dada Sixta, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta mko wazima. Mimi niko salama. Theluji imefika magotini na gari langu limezikwa nje tangu Jumanne. Nimehuzunika sana kuhusu Mama. Mbusu mkono huo wa baridi kwa niaba yangu.

Kazini nimepandishwa daraja. Sasa kaunta nzima ya safari za kusini iko chini yangu, na mimi ndiye niliyesimama kati ya mtu na ndege yake. Dada, usiwaonee huruma wasafiri. Ungewaona ungewachukia. Mtu anakuja na masanduku manne, watoto watatu na mto wa kulalia, anakwenda nchi ya tatu kwa kupitia ya pili, na hajawahi kujiuliza kama hiyo ya pili inamtaka. Nikimuuliza, "Viza ya kupitia iko wapi?" ananijibu, "Lakini mimi sishuki pale, nabadilisha ndege tu." Wote husema hivyohivyo, kama waliofundishwa darasa moja. Halafu hulia. Juzi mwanamume mzima mwenye shahada alikaa chini sakafuni. Nilimwambia sakafu haitoi viza.

Na sasa, dada, na mimi yamenikuta. Ndege zote za kuja huko hupitia Miami au Houston. Pasipoti yangu bado ni ya Honduras, na karatasi zangu za ukaazi wa hapa kwao si kitu. Nami lazima niombe viza ya kupitia. Fomu yenyewe ungeicheka. Wanataka kujua kama nimewahi kuwa gaidi, kama nimewahi kusafirisha watu, majina ya waajiri wangu wote wa miaka mitano, na kama niliwahi kufundishwa kutumia silaha. Yote hayo ili nikae saa mbili kwenye kiti cha plastiki karibu na duka la chokoleti. Mtu akitaka kuiteka Marekani hataanzia kwenye duka la chokoleti.

Hata hivyo nitaomba. Buyei gani huyo mliyempata? Yule wa zamani si alikufa?

Mdogo wako,
Plutarco


Santa Fe, 20 Machi 2018

Plutarco,

Hatujambo. Watoto wa mbwa tumeshawagawa. Mama amekonda, pete ya ndoa inamvuka, nimeifunga kwa uzi. Nilimsomea barua yako nikaruka habari za mwanamume wa sakafuni, kwa sababu Mama bado anaamini umelelewa vizuri.

Habari ya viza imenichefua. Nimeisimulia kisimani na kina mama wote wamechefuka pia. Watu hao wanakuja hapa na kaptura zao, wanashuka kwenye meli zao kubwa pale Trujillo, wanapiga picha nyumba ya ngoma bila kuomba, wanamuuliza Mama kama nywele zake ni za kweli, wala hakuna anayewauliza kama waliwahi kufundishwa silaha. Na wewe unayetaka kupita tu, hata maji yao hunywi, ujaze kitabu! Mama ameuliza kama kwenye hizo saa mbili watakulaza na kukulisha, maana kwa maswali mengi hivyo alidhani wanakuoa.

Omba, jaza, jibu upuuzi wao wote. Ukikutana na afisa mwenye kiburi, vumilia. Wewe si mgeni wa watu wa aina hiyo, mnafanya kazi moja.

Nguo zimeshatiwa rangi. Wavuvi wetu wamekubali kwenda visiwani wiki nzima kabla ya ngoma kuleta samaki na kaa. Wanawake watakwangua muhogo wa mikate ya Baba. Nimefunga bembea mbili kwenye nyumba ya ngoma ili akija amechoka apate pa kujilaza. Kazi imebaki ya kwako peke yako.

Buyei uliyeuliza ni mwanamke mtu mzima. Aliishi nje kidogo, akarudi. Jina halikusaidii.

Sixta


Toronto, 17 Aprili 2018

Dada mpendwa,

Shikamoo. Theluji imeyeyuka, gari limefufuka. Nimemnunulia Mama glovu za sufu kwa ule mkono, nitazituma. Meno yananisumbua lakini si neno.

Dada, wamenikatalia.

Nilikwenda ofisi ya viza nimevaa suti. Nilisimama kwenye foleni kuanzia saa moja asubuhi. Nyuma ya kioo alikuwepo kijana ana chunusi, anatafuna. Akaniuliza nakwenda kufanya nini Honduras. Nikamwambia nakwenda kwenye sherehe ya baba yangu. Akauliza baba ana umri gani. Nikasema amekufa. Akaacha kutafuna. Ungemwelezaje, dada? Akaandika kitu, akanisukumia pasipoti kama mtu anayerudisha chenji pungufu, akasema, "Anayefuata!" Miaka kumi na moja nimeishi hapa, nalipa kodi, sijawahi hata kuvuka barabara pasipo na mistari, halafu kitoto kile kinaniona mimi ni mtu wa kujificha Miami chooni.

Kwa hiyo sitakuja. Msinilaumu mimi, laumuni kioo kile.

Nimefikiri lakini. Nitawatumia shati langu nililolivaa bila kulifua, liwekwe kwenye bembea pale. Au mnipigie kwa simu ya picha wakati wa ngoma, muiegemeze kwenye nguzo, nami nitakuwa nimevaa nyekundu huku sebuleni. Siku hizi watu wanafunga hata ndoa hivyo. Baba alikuwa mtu mwelewa. Na kwa kweli, dada, kati yetu sisi wawili, wewe unaamini kabisa kwamba mkono wa Mama unahusiana na jogoo? Mpelekeni La Ceiba apimwe mishipa.

Nawapenda,
Plutarco


Santa Fe, 21 Mei 2018

Plutarco Norales,

Hatujambo. Mama hajambo kidogo, ameambiwa hujui kama utakuja, hajaambiwa kwamba hutaki. Shati lako limefika. Nimelifua. Ni zuri la kudekia.

La Ceiba tulikwenda Februari. Mishipa ni mizima. Sasa soma polepole.

Barua yako nilimpelekea buyei. Nilimsomea yote, kioo, chunusi, kutafuna, "Anayefuata." Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo mdogo wako hajui kwamba kuna ndege inatoka Toronto hadi San Salvador moja kwa moja, haigusi Marekani hata kwa kivuli? Na kwamba San Salvador mtu wa Honduras haombwi viza na yeyote?" Nikasema pengine hajui. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Kwa sababu mimi ni mjinga, Plutarco. Mimi kiwanja cha ndege nimekiona kwenye kalenda. Lakini wewe ni kazi yako! Kaunta nzima ya safari za kusini iko chini yako, umeandika mwenyewe. Ndege zote hupitia Miami au Houston, umeandika mwenyewe. Nilikaa hapa miezi mitatu nawatukana Wamarekani kwa ajili yako, nimewachosha wanawake wa kisimani kwa matusi, kumbe adui nimemsuka nywele mwenyewe alipokuwa mdogo.

Nikamuuliza buyei ameijuaje ndege hiyo. Akanisimulia.

Machi ya mwaka jana alikuwa Toronto kwa binti yake. Kaka yake akafa hapa jirani, Guadalupe. Na unajua joto letu, maiti haingoji. Binti akamkatia tiketi ya siku ileile, kupitia Miami, kwa sababu njia hiyo ndiyo aliyoendea. Viza yake ya kupitia ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma, wala hakujua, yeye hasomi tarehe za Kizungu. Akafika kaunta akakuta kijana wa koti jekundu. Akasoma beji: Plutarco Norales. Akakutazama pua na masikio. Akakusalimia kwa lugha yetu, akakuuliza wewe si mtoto wa Marcelino wa Santa Fe? Hakukuomba umvunjie sheria, Plutarco. Alikuamkia tu, kama mtu yeyote wa kwetu anavyomwamkia mwenzake popote duniani, na akangoja umwitikie.

Nawe ukamjibu kwa Kiingereza. Ukamwambia humwelewi. Ukamrudishia pasipoti, ukasema, "Anayefuata!"

Sasa najua neno la kijana mwenye chunusi ulilitoa wapi.

Alikaa kwenye benchi mbele yako tangu asubuhi hadi alasiri, anakuangalia. Hukuinua kichwa. Mwanamke Msalvador aliyekuwa anafagia pale ndiye aliyemwonyesha kaunta ya ndege ya San Salvador. Mfagiaji! Akafika Guadalupe siku tatu baada ya mazishi. Udongo ulikuwa umeshakauka juu.

Anaitwa Bi Higinia. Alinikataza nisikutajie. Alisema, "Mwache. Nataka kuona atatumia barua ngapi kabla ya kusema kweli." Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kutupigia ngoma sisi. Akasema Marcelino hakumkosea.

Sababu uliyotupa ni ya viza. Tupe ya kweli.

Sixta


Toronto, 23 Juni 2018

Sixta,

Sikuomba viza. Hakuna kijana wa chunusi. Sikwenda popote, nilikaa jikoni kwangu nikaandika.

Sikujua kama ni yeye mganga wenu. Lakini nilijua yuko huko, na kwamba kwenye ngoma kila mtu wa pwani hiyo huja. Tangu siku ile haijapita wiki bila kumwona akilini kwenye lile benchi.

Sikiliza na upande wangu. Abiria akifikishwa bila karatasi, kampuni inatozwa faini na aliyempitisha anaitwa ofisini. Mimi nilikuwa nimeshaonywa mara moja kwa kumsaidia mtu kwa Kihispania, walisema napendelea watu wangu. Bosi alikuwa nyuma yangu amekunja mikono. Yule mama akaanza kunisalimia kwa sauti ile ya kwetu, ya kuita mtu ng'ambo ya mto, foleni nzima ikageuka. Niliona aibu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli uliyoitaka. Sikuiogopa sheria. Niliona aibu asije bosi akajua mimi ni wa yule mama mwenye kilemba na kikapu. Na njia ya San Salvador niliijua. Ilikuwa kaunta ya tatu kutoka kwangu. Ningenyoosha kidole tu.

Nimekata tiketi. Naondoka tarehe 18 Julai, nabadilisha ndege San Salvador, nashuka San Pedro jioni, basi la asubuhi, Trujillo tarehe 19 mchana. Mwambie Mama. Bi Higinia usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Plutarco


San Salvador, kiwanjani, 18 Julai 2018

Dada,

Mimi mzima. Barua hii nampa mama mmoja anayekwenda Trujillo, amekaa kiti cha pili kutoka kwangu, amebeba keki.

Hapa hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine na pasipoti mkononi, nikingoja mtu anizuie. Niliipeleka mpaka kwa askari mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa, akanitazama, akanielekeza choo.

Salamu nimezifanyia mazoezi. Zinatoka vizuri mpaka nikifikiria uso wake.

Wameita ndege ya San Pedro. Mama wa keki amesimama. Wameita mara ya pili. Mimi bado nimekaa, Sixta. Iko ndege ya kurudi Toronto saa kumi.

Naomba


Santa Fe, 9 Agosti 2018

Plutarco,

Sisi hatujambo. Paa la jiko nimelibadilisha makuti. Mvua zimeanza.

Tarehe 19 tulikwenda Trujillo na Mama. Sikutaka aje, akavaa viatu bila kuniuliza. Basi likafika, watu wakashuka, akashuka mwanamke mwenye keki, akauliza Sixta ni nani. Nilifungua barua palepale stendi. Mama akaniuliza umeandika nini, nikamwambia ndege imeharibika. Kwa hiyo sasa na mimi natunga, tumefanana.

Naomba nini? Hukumalizia. Nimeigeuza karatasi nyuma na mbele.

Nimejaribu kukudharau, Plutarco, na nimefaulu vizuri sana, mchana kutwa naweza. Mtu aliyefungiwa mlango namwelewa. Wewe ulifunguliwa milango yote, hata askari wa watu akakuonyesha choo, ukageuka ukarudi kwenye theluji yako kwa miguu yako. Wale waliolia sakafuni kwako wangetoa nini kupata saa mbili zako za San Salvador!

Ngoma ilifanyika. Siku tatu. Samaki walikuwa wengi, mikate ya muhogo ilikuwa myeupe, Baba alikuja na alikula. Siku ya pili ilipofika zamu ya watoto kucheza na majogoo, nilisimama na wangu, na wako alikuwa amefungwa kwenye nguzo anapiga kelele, na watu wakawa wanatazama chini. Bi Higinia akaacha njuga zake. Akaenda akamfungua, akamkumbatia, akacheza naye duara zima mahali pako. Miaka sabini na nne, magoti yale. Jasho lilimtoka.

Mama sasa anakula. Mkono una joto hadi kwenye kifundo, vidole bado. Kila asubuhi anatembea mpaka mlangoni, anasimama hapo, anatazama barabara ya Trujillo. Nikimwambia aingie anasema anapunga upepo.

Majogoo wote walichinjwa kama desturi, isipokuwa wako. Bi Higinia alikataza, alisema yeye alimshikia mtu tu. Nimempa jina lako. Anawika saa tisa alfajiri, anakula mahindi ya wenzake, na akiona mgeni anajificha chini ya pipa. Mimi sitamlisha milele.

Njoo umchukue. Njia unaijua.

Sixta